Muhuri wa notari haulipiwi kodi ya kujiajiri? Walioko Marekani tujuzane

MamaTona (Dallas, Texas)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi usiku ni CNA (msaidizi wa wauguzi) kwenye nyumba ya wazee, mchana nina muhuri. Nilichukua unotari mwaka 2020, wakati riba za nyumba zimeporomoka na kila mwenye nyumba mjini anabadilisha mkopo. Kwa asiyeijua kazi hii: kampuni ya taito (inayoshughulikia hati za nyumba) inakutumia kurasa mia na hamsini, unaziprinti mara mbili, unaendesha hadi kwa mwenye nyumba, mnakaa kwenye meza ya jikoni, yeye anasaini na wewe unagonga muhuri panapotakiwa. Kisha unakimbiza bahasha FedEx kabla hawajafunga mlango. Hapo umelipwa dola 100, 125, siku ya bahati 150.

Jumamosi nilikuwa kwenye kipaimara. Dada mmoja wa Tanga, naye notari, akaniuliza: "Hivi wewe bado unalipa kodi ya kujiajiri kwenye mihuri? Mihuri haina ile kodi." Nikacheka, nikajua ni maneno ya saluni. Niliporudi nyumbani usingizi ukakata. Nikafungua ritani zangu zote (fomu za kodi za kila mwaka). Kila mwaka mtu wangu wa kodi amemimina kila senti kwenye Schedule C, fomu ya biashara, na chini yake asilimia 15.3 imekatwa juu ya yote. Hakuwahi kuniuliza hata mara moja ni kiasi gani kilikuwa cha muhuri na kiasi gani cha safari.

Ni kweli au nimelishwa matango pori? Nawasilisha.

---

Mpita Njia (Houston)

Nimeweka kambi hapa. Mke wangu ana muhuri pia.

---

Wa Kayole (Boston)

Kwani notari wa huko si ni wakili? Kwetu Kenya ukitaka kuwa notari lazima uwe wakili, tena uwe umefanya kazi miaka mitano. Wewe mama wa usiku kwa wazee unagonga aje muhuri wa mkopo wa nyumba ya watu? Naulizia tu, msinirushie mawe.

---

MamaTona (Dallas, Texas)

@Wa Kayole hata mama yangu Moshi aliniuliza hivyo hivyo. Huku notari si wakili, kaka. Texas unajaza maombi kwa Katibu wa Jimbo, unaweka dhamana ya dola 10,000 kupitia kampuni ya bima (wewe unalipa ada ndogo tu, usiogope hiyo elfu kumi), unapewa miaka minne. Kazi yako ni kuhakikisha aliyekaa mbele yako ndiye mwenye jina na kwamba anasaini kwa hiari yake. Basi. Ukimwambia mtu "saini hapa, usisaini pale, hii riba ni mbaya", tayari umeingia kwenye shamba la mawakili na wanakutoa kwa fimbo.

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Mama, dada wa Tanga amesema kweli, ila amekupa nusu. Mimi ninaandaa ritani za watu mwaka wa 11 sasa, na wateja wangu watano ni notari wa Kisomali na wa Kiafrika Mashariki. Nitaeleza taratibu.

Kodi za huku kwa mtu aliyejiajiri ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kodi ya mapato, ile anayolipa kila mtu kwa ngazi yake. Hiyo mihuri INALIPIWA. Ya pili ni kodi ya kujiajiri, yaani mchango wako wa Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Aliyeajiriwa analipa nusu na mwajiri nusu. Uliyejiajiri ni mwajiri na mwajiriwa kwa wakati mmoja, unabeba zote: 12.4 kwa Social Security na 2.9 kwa Medicare, jumla 15.3. Inahesabiwa juu ya asilimia 92.35 ya faida yako, na inaanza kiasi hicho kikifika dola 400. Hii ya pili ndiyo mihuri HAILIPIWI.

Kwa nini? Sheria ya kodi, kifungu cha 1402(c), inasema kutekeleza kazi za ofisi ya umma si biashara. Na kanuni za Wizara ya Fedha zimetoa mifano ya wenye ofisi za umma. Nendeni mkaisome hiyo orodha, inafurahisha: inaanza na Rais wa Marekani, Makamu wake, gavana, meya, inashuka kwa wabunge, majaji, masherifu, msajili wa hati, na jina la mwisho kabisa ni notari. MamaTona na Rais kwenye sentensi moja.

Sasa nusu ambayo dada hakukupa: msamaha ni wa ADA YA MUHURI tu. Dola 125 unayolipwa si ada ya muhuri. Ndani yake kuna muhuri, kuna safari, kuna kuprinti, kuna kusubiri, kuna kupeleka bahasha. Hayo mengine ni biashara kama ya fundi yeyote, na yanalipa 15.3 kama kawaida.

---

MtuWaBronx (New York)

Hapo ndipo wengine tunalia. Ada ya muhuri inapangwa na jimbo. Texas sasa hivi ni dola 10 kwa saini ya kwanza na dola 1 kwa kila saini ya ziada. Florida 10. California 15. New York? DOLA MBILI. Nikigonga mihuri sita kwenye mkopo mmoja, msamaha wangu wote ni dola 12. Wa Sacramento anagonga sita hiyo hiyo, anaondoa 90.

Kazi ile ile, msamaha kitu cha kununulia chapati na chai.

---

Jirani wa Sacramento

😂 Pole mkuu. Lakini huku nasi tuna dhamana ya 15,000, mtihani, na alama za vidole. Na daftari! Usipokuwa na daftari California umekwisha.

---

MamaTona (Dallas, Texas)

@KalamuYaKijani asante sana mkuu, Mungu akubariki. Lakini kampuni ya taito hainipi mchanganuo. Inatuma dola 125, mwisho wa mwaka inatuma fomu 1099-NEC yenye jumla moja. Nitajuaje kipande cha muhuri?

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu limo kwenye droo yako. DAFTARI LA NOTARI.

Texas sheria inakulazimisha kuandika kila tendo: tarehe, aina ya hati, jina la aliyesaini, ulimtambua vipi. Ukiwa na safu ya ada kwenye kila mstari, mwisho wa mwaka unajumlisha safu moja na umemaliza. Ukiwa huna safu hiyo, una idadi ya mihuri, na idadi mara kiwango cha jimbo ndiyo kikomo cha ada uliyoruhusiwa kutoza. Kikomo, si lazima ndicho ulichotoza. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu: hata kama taito inakulipa kwa jumla, andika kwenye ankara yako "ada ya muhuri 60, safari na uchapishaji 65". Karatasi iseme kabla IRS, yaani mamlaka ya kodi ya huku, haijauliza.

Tuchukue mfano wa mwaka 2024, namba nimezipika ziwe nyepesi. Umesainisha mikopo 180, kila mmoja dola 125. Jumla 22,500. Kila mkopo wastani wa mihuri sita kwa dola 10, kwa hiyo 60 kila mkopo, 10,800 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 48 ya mapato.

Gharama: maili 7,000 kwa senti 67 (kiwango cha IRS cha 2024) ni 4,690. Tona, karatasi, bima, simu, tuseme 1,310. Jumla 6,000. Faida yote 16,500.

Aliyelala analipa kodi ya kujiajiri juu ya 16,500. Inakuja 2,331.

Aliyeamka anagawa. Gharama asilimia 48 ni 2,880, anazitoa kwenye mihuri: 10,800 kutoa 2,880 ni 7,920. Hiyo imesamehewa. Inabaki 8,580 ya kulipia. Kodi ya kujiajiri inakuwa 1,212.

Tofauti 1,119 kwa mwaka mmoja. Ila msishangilie yote, maana nusu ya kodi ya kujiajiri huwa inapunguzwa kwenye mapato yako, na kodi ikipungua nayo nafuu hiyo inapungua. Ukiwa ngazi ya asilimia 12, unarudisha kama dola 67 kwa mlango wa nyuma. Bado elfu moja na ushee imebaki mfukoni.

---

Mpita Njia (Houston)

Elfu moja kila mwaka?? Mke wangu ana muhuri tangu 2019. Naomba mnishike.

---

HesabuZaBibi (Seattle)

@KalamuYaKijani heshima kwako, ila nitakupinga kidogo kwenye mgawanyo wa gharama. Kwa nini ugawe maili kwa asilimia? Maili zinatokana na safari, na safari si muhuri. Tona nayo ni ya kuprinti. Muhuri wenyewe unagharimu nini, wino? Ukipeleka kila gharama pale ilipozaliwa, upande wa safari unakuwa 11,700 kutoa 6,000, yaani 5,700. Kodi ya kujiajiri 805 badala ya 1,212. Mama anaokoa dola 400 nyingine.

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Hoja ina miguu. Kuipeleka gharama ilipozaliwa ni njia halali na wapo wanaoitumia. Mimi hugawa kwa asilimia kwa sababu nikiulizwa naweza kuieleza kwa sentensi moja. Unayoichagua, ishike kila mwaka. Usiwe wa asilimia mwaka huu na wa kuzaliwa mwaka kesho kwa kuangalia ipi inakulipa zaidi.

Na dhamana, ada ya maombi, muhuri wenyewe na daftari vyote vimezaliwa upande wa muhuri, usisahau kuvipeleka kwao.

Halafu kuna jambo umelipita, HesabuZaBibi, na wewe ndiye mwenye jina la hesabu. Subiri nitoke kazini.

---

Binti Ujiji (Des Moines, Iowa)

Samahani kuingilia. Mimi nafanya kazi benki, wamenilipia wenyewe muhuri, nagongea wateja bure. Nami nina msamaha?

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

@Binti Ujiji hapana, dada. Wewe unalipwa mshahara, na mshahara ni mshahara hata ukigonga mihuri elfu. Makato ya Social Security na Medicare yanaendelea kama kwa mwenzako wa dirisha la pili. Msamaha ni wa anayepokea ada mkononi mwake kama notari.

---

Kondakta Mstaafu (Atlanta)

Mimi naona kuna mtego hapa. Nimesoma hicho kifungu cha 1402(c) chenyewe. Kina kisogo: kinasema maofisa wa umma wa jimbo wanaolipwa kwa ada tu, wasio kwenye mkataba wa Social Security wa jimbo lao, WANALIPA kodi ya kujiajiri. Sasa notari si analipwa kwa ada tu? Kwa nini yeye asiingie humo? Isijekuwa mnampeleka mama wa watu kwenye ukaguzi.

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Kondakta umesoma, nakuvulia kofia. Watu wengi hawafiki aya hiyo. Lakini IRS wenyewe wameshalifunga: maelekezo ya Schedule SE (fomu ya kodi ya kujiajiri) yanasema wazi kwamba ada za notari haziingii kwenye mapato ya kujiajiri, na yanakuelekeza hadi neno la kuandika. Ukiwa na mapato mengine ya kujiajiri, unakwenda mstari wa 3 wa Schedule SE, kwenye vile vinukta vya kushoto unaandika "Exempt—Notary" na kiasi cha faida ya muhuri, unakitoa, unaendelea na kilichobaki. Mtu hafanyi ujanja hapo, anajaza fomu kama ilivyoandikwa. Programu nyingi za ritani zina kisanduku cha notari, shida watu wanakiruka kwa sababu hakuna aliyewaambia kina maana gani.

---

Wakili Msomi (Dar es Salaam)

Nawasoma kutoka huku Kivukoni. Hii imenichekesha: huku kwetu muhuri wa notari na kamishna wa viapo uko kwa wakili, na ada yake ni pato la wakili kama mengine, TRA hawana habari na ofisi ya umma ya nani. Huko muhuri uko kwa kila mtu, na sheria ya kodi inamweka karibu na majaji.

Nina swali la kando. Watu wa huku hununua viwanja kwa hati za uwakili zinazotoka Marekani. Nyie notari wa huko mnapogonga hizo hati, ada yake nayo imesamehewa?

---

MamaTona (Dallas, Texas)

@Wakili Msomi hizo ndizo zinazonijia jioni jioni baada ya kanisa. "Mama, nigongee hati ya uwakili, kaka yangu anasimamia kiwanja Kigamboni." Nagonga, nachukua kumi yangu, wengine nasamehe. Kumbe ile kumi ni safi kabisa, haina safari wala tona.

Na niseme hili, Wakili utanielewa: wengi wakija wanaamini nina nguvu za wakili kwa sababu huko nyumbani notari ni wakili. Ananiletea fomu za uhamiaji nimjazie, nimshauri ajaze "ndiyo" au "hapana". Nakataa. Texas hata kujitangaza kwa neno la Kihispania "notario" ni kosa, kwa sababu watu wa Latini walikuwa wanaliwa hivyo hivyo.

---

Jirani wa Sacramento

Kuna kituko kingine cha Texas kinachofaa hapa. Zamani huko notari alilazimika kuwa raia. Mmexico mmoja mwenye kibali cha kudumu akashtaki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, Bernal dhidi ya Fainter, 1984. Akashinda majaji wanane kwa mmoja. Hukumu iliandikwa na Thurgood Marshall. Na hoja ya Marshall ilikuwa kwamba kazi ya notari ni ya kikarani, si ya kutawala watu, kwa hiyo jimbo halina sababu ya kumnyima mgeni.

Kwa hiyo mahakamani notari ni karani, IRS notari ni mwenye ofisi ya umma. Na wewe MamaTona mwenye kadi ya kijani umefaidi kote kuwili.

---

MamaTona (Dallas, Texas)

😂😂 Karani asubuhi, mheshimiwa mwezi wa nne.

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Nimetoka kazini. Nilisema kuna jambo limepitwa, na nyie mmeshaanza kuhesabu fedha za kurudishiwa.

Kodi ya kujiajiri si kodi ya kutupa. Ndiyo inayokununulia krediti za Social Security. Unahitaji krediti 40 ili uzeeni upate pensheni. Kwa mwaka unapata zisizozidi nne. Mwaka 2024 kila krediti ilikuwa ni dola 1,730 za mapato yaliyolipiwa, 2025 ni 1,810. Fedha ya muhuri iliyosamehewa haihesabiki hata senti.

Sasa rudini kwenye mfano wangu. Kwa njia yangu ya asilimia, mapato yaliyolipiwa ni 8,580 mara asilimia 92.35, kama 7,924. Gawa kwa 1,730: krediti nne, mwaka umejaa. Kwa njia ya HesabuZaBibi ni 5,700, inakuwa 5,264. Gawa: krediti TATU. Ameokoa dola 400 na kapoteza robo mwaka wa pensheni.

Kwa MamaTona haina uzito, ana mshahara wa CNA, krediti zake zinajaa huko kabla hajagusa muhuri. Lakini ninao wateja, tena wengi ni akina mama waliotoka kazini kulea watoto, ambao muhuri ndiyo kazi pekee. Yule akijaza kila kitu vizuri na kusamehewa kila kinachosameheka, anaweza kukaa miaka kumi huku na asiwe na krediti za kutosha. Na usitegemee michango ya NSSF ya nyumbani ikuzibie pengo, maana Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na Tanzania wala Kenya. Huku ni huku, kule ni kule.

Na hapana, huwezi kusema "mimi nauacha msamaha, nikateni tu". Si hiari. Ada ya muhuri imetolewa kisheria.

---

HesabuZaBibi (Seattle)

Nimenyamaza. Umenishika.

---

Mpita Njia (Houston)

Mke wangu ndiye huyo. Muhuri tu, hana kazi nyingine tangu 2019. Yaani mtu wake wa kodi aliyekosea amemkosea kwa faida?

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Usinukuliwe ukisema hivyo kwenye ofisi ya IRS 😂. Ukikosea umekosea. Lakini kabla hamjakimbilia kurekebisha ritani za nyuma, kaeni chini naye, mfungue akaunti yake ya Social Security mtandaoni, muone ana krediti ngapi. Kisha mumtafute mtu wa kodi awe na karatasi zenu mbele yake, mimi hapa naongea na skrini. Kuanzia mwaka huu aongeze kazi isiyo ya muhuri: kuprintia watu, kusafirisha hati, kazi ya saa chache yenye mshahara. Dola 1,810 mara nne ni 7,240 tu kwa mwaka mzima wa 2025.

---

MamaTona (Dallas, Texas)

Sasa mimi ambaye krediti si shida, za nyuma narudi hadi lini?

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Fomu ya kurekebisha ritani ni 1040-X. Miaka mitatu tangu ulipowasilisha, au miwili tangu ulipolipa, inayochelewa zaidi. Ritani ya 2021 uliwasilisha masika ya 2022? Basi dirisha lake linafungwa mwezi huu wa nne, 2025. 2020 imeshakwenda na maji, isipokuwa uliwasilisha kwa kuchelewa.

Na angalia sana hapa, maana nimewaona watu wakijikwaa: dola 10 ya Texas ilianza Septemba 1, 2023. Kabla ya hapo saini ya kwanza ilikuwa dola 6. Ukirekebisha 2021 kwa dola 10 umejiandikia barua ya ukaguzi mwenyewe. Na maili za 2021 zilikuwa senti 56, si 67.

---

MtuWaBronx (New York)

Dola 6 ya zamani ya Texas bado ni mara tatu ya yangu ya leo. Naendelea kunywa chai yangu.

---

Kondakta Mstaafu (Atlanta)

Na malipo ya robo mwaka? Mwanangu alipigwa faini.

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Ukitarajia kudaiwa 1,000 au zaidi, unalipa kwa vipande: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15, Januari 15. MamaTona anaweza kuliepuka kwa kumwambia mwajiri wake wa usiku amkate zaidi kwenye mshahara. Rahisi kuliko kukumbuka tarehe nne.

---

MamaTona (Dallas, Texas)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Samahani kwa kimya, nilikuwa sakafuni na madaftari.

Daftari la 2021 lipo, limejaa, nilikuwa naliandika vizuri kwa sababu ya woga wa ugeni. Safu ya ada sikuwa nayo. Nimehesabu kwa mkono, mwanangu wa darasa la nane ananisomea, mimi naweka vijiti: saini za kwanza 1,742, saini za ziada 611 (waume na wake wengi mwaka ule). Mara 6 na mara 1, jumla 11,063. Mapato yote ya mwaka yalikuwa 34,100 kwa mikopo 310. Ndiyo, 310, na bado nilikuwa nafanya usiku. Sijui niliishije. Kwa njia ya asilimia faida ya muhuri imekuja 8,111, na kodi ya kujiajiri iliyozidi ni 1,146. Ukitoa ile ya mlango wa nyuma inabaki elfu moja na kidogo.

Nilimpigia mtu wangu wa kodi. Akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Nikamsomea mstari wa 3. Akanyamaza, halafu akasema kurekebisha ni dola 250 kwa kila mwaka. Kosa lake, ada yangu! Nimempelekea mtu mwingine.

1040-X ya 2021 imeondoka posta jana, kwa rejista, risiti nimeibandika ndani ya jalada la daftari.

2022 nayo iko sawa. Shida ni 2023: daftari lile lilimwagikiwa na chai kwenye gari, Machi na Aprili hazisomeki. Nina barua pepe za taito zenye idadi ya nyaraka ila si idadi ya mihuri. @KalamuYaKijani hapo nafanyaje?

---

KalamuYaKijani (Minneapolis)

Hiyo miezi miwili usidai kwa kubahatisha. Omba taito wakutumie nakala za hati zilizorudi, kila muhuri wako unaonekana humo. Wakigoma, dai kumi inayosomeka na uiache miwili.

Na hela yako ikirudi, chukua daftari jipya lenye safu ya ada. Na chai uiweke mbali nalo.

---

MtuWaBronx (New York)

Chai mmeigusa ya nani tena?